UZI: Nimepika G6PD A- ndani ya bakteria hapa Kisumu, na kasoro yake haiko pale nilipofundishwa

KitMikayi_88 (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu mambo haya tukiwa maabara tunayasema kwa Kiingereza, kisha tukirudi nyumbani hatuna maneno ya kuwaeleza wale ambao damu yao ndiyo tunayoizungumzia.

Nianzie nyumbani. Mwaka jana dada yangu alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya tatu macho ya mtoto yakageuka njano, na kufikia jioni njano ilikuwa imeshuka mpaka tumboni. Alilazwa chini ya taa ya buluu, akapona, sasa anatambaa na kuvuta kila kitambaa cha meza. Lakini kuna nesi mmoja mzee aliyeuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza: "Hizi nguo mmezitoa wapi?" Zilikuwa nguo za mtoto wa kwanza, zimekaa sandukuni miaka minne pamoja na vile vitufe vyeupe vya naftalini vinavyouzwa sokoni kufukuza nondo. Nesi aliinua fulana moja mpaka puani, akaishusha, akaamuru mtoto avuliwe kila kitu. Mtoto alipopimwa alionekana ana upungufu wa G6PD. Nami nikaenda kupimwa. Ninao.

Sasa kazi yangu ni ya maabara, hapa Kisumu, na tangu siku hiyo sikutulia mpaka nilipokishika kimeng'enya hicho kwa mkono.

Kwa wasiokijua: G6PD ni kimeng'enya, au enzaimu ukipenda, na jina lake lote ni glukosi-6-fosfeti dihidrojenesi. Kinachukua sukari iliyobandikwa fosfeti, kinaichuna hidrojeni na kumkabidhi NADP, molekuli ndogo ya kubeba hidrojeni, naye anakuwa NADPH. Seli nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kupata NADPH. Chembe nyekundu ya damu haina. Imetupa kiini, imetupa mitokondria, imebaki na mlango huu mmoja. NADPH ndiyo inayoirudishia glutathioni nguvu zake, na glutathioni ndiyo inayoilinda himoglobini isiungue. Ikija dawa kama primakwini ya malaria au dapsoni, au mvuke wa naftalini kwenye ngozi ya mtoto mchanga, mahitaji yanapanda ghafla. Asiye na NADPH ya kutosha, chembe zake zinapasuka. Mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyolala.

Aina iliyoenea kwetu huku Afrika inaitwa A-. Protini nzima ina asidi amino, yaani matofali yake, 515, na kwetu zimebadilika mbili tu. Nafasi ya 68 palipokuwa na valini pamekaa methionini, na nafasi ya 126 asparajini imekuwa asidi aspartiki. Kwenye jeni yenyewe ni herufi ya 202, G ikawa A, na ya 376, A ikawa G.

Hatukutoa damu ya mtu yeyote. Tulipata plasmidi, yaani duara dogo la DNA, yenye jeni ya kawaida ya binadamu, tukabadilisha herufi hizo mbili kwa praima, vipande vifupi vya DNA, tukaiingiza kwenye E. coli. Mbele ya protini tuliunganisha mkia wa histidini sita ili ishikwe na nikeli. Tulikuza bakteria kwenye chupa mbili, moja ya kimeng'enya cha kawaida na nyingine ya A-, tukashusha joto mpaka nyuzi 20, tukatia IPTG, kemikali inayowaamuru bakteria waanze kupika protini yetu, na kuziacha zitikisike usiku kucha. Asubuhi tulipasua seli na kuzizungusha kwenye sentrifuji. Hapo ndipo tofauti ya kwanza ilipojionyesha. Kwenye chupa ya kawaida protini nyingi ilikuwa kwenye maji ya juu. Kwenye chupa ya A- sehemu kubwa ilikuwa imekaa chini na mabaki, imeganda, imeshindwa kujikunja.

Ile kidogo iliyojikunja tuliisafisha kwa kuipitisha kwenye safu ya nikeli. Nilipoiweka kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga, nanomita 340 ambapo NADPH inaonekana, nikaongeza sukari na NADP, namba zikaanza kupanda. 0.112. 0.139. 0.167. Nilikaa nikiangalia. Chuoni niliambiwa kimeng'enya cha A- "hakifanyi kazi vizuri". Kilikuwa kinafanya! Kwa kila miligramu kilikuwa chini ya cha kawaida kwa kiasi kidogo tu.

Kisha stima ikapotea Ijumaa jioni, ikarudi Jumapili. Mirija miwili ilikuwa imelala kwenye friji bega kwa bega, ya kawaida na ya A-, na joto la Kisumu mnalijua. Jumatatu nilipima ya kawaida: namba zikapanda, taratibu kuliko kwanza, lakini zikapanda. Nikapima ya A-. Zikakaa. Nikarudia mara tatu nikidhani nimesahau kutia sukari.

Kwa hiyo kasoro ya A- ni umri. Kinapozaliwa kinafanya kazi, ila hakidumu. Na chembe nyekundu haiwezi kupika kingine, kwa sababu kiini chenye maagizo ya kupikia ilishakitupa. Chembe inaishi takriban siku 120. Kimeng'enya cha kawaida kinapungua nusu kwa kama siku 62, cha A- kwa kama siku 13. Fanyeni hesabu wenyewe: chembe ya A- ikifika mwezi mmoja na nusu imebaki na nini?

Karibuni. Nataka kusikia wa maabara, wa wodini, na wenye watoto.

---

Bi_Pipeti

Ndugu KitMikayi, hongera, na pole kwa yaliyompata mpwa wako. Nina swali gumu na nauliza kwa nia njema. E. coli ina G6PD yake mwenyewe, ile ya jeni ya zwf. Umejuaje kwamba ulichopima ni cha binadamu na si cha bakteria kilichoponyoka kwenye safu ya nikeli?

La pili. Mbele kidogo kwenye njia hiyo hiyo kuna kimeng'enya kingine, 6-fosfoglukoneti dihidrojenesi, ambacho nacho kinatengeneza NADPH. Kama kilibaki kwenye mirija yako unahesabu mara mbili.

---

KitMikayi_88

Dada Bi_Pipeti, maswali yako ndiyo niliyokuwa nayasubiri.

La kwanza: tulikuza chupa ya tatu, bakteria wale wale wenye plasmidi tupu, tukawapitisha kwenye safu ile ile kwa hatua zile zile. Kilichotoka mwisho tulikipima, namba hazikusogea. Wenzetu wengine huenda mbali zaidi wakatumia E. coli iliyopokonywa G6PD yake, aina iitwayo DF213, na hapo mjadala unaisha kabisa. Sisi hatunayo bado. Nikiipata nitarudia yote tangu mwanzo.

La pili ni kweli kabisa, na ndiyo maana sipimi supu ya seli zilizopasuliwa na kuiita matokeo. Baada ya nikeli niliendesha jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa na kuipaka rangi ya buluu. Kila upande ulikuwa na mstari mmoja mnene, juu kidogo ya kilodaltoni 59, uzito wa G6PD ya binadamu, kwa sababu ya ule mkia, na kivuli chembamba chini yake ambacho nitakisafisha safari ijayo.

Na kuna jambo limenikaa moyoni nataka kulisema. Herufi A katika A- ilitoka kwenye mwendo. Zamani watafiti waliweka damu kwenye jeli yenye umeme wakaona kimeng'enya cha watu wengi, walichokiita B, kinatembea polepole, na cha baadhi ya Waafrika kinatembea haraka, wakakiita A. Sababu ni ile nafasi ya 126. Asidi aspartiki ina chaji hasi ambayo asparajini haina, kwa hiyo protini inavutwa kwa kasi zaidi kuelekea ncha chanya. Alama ya kutoa ni kwa upungufu. Niliendesha jeli ya aina hiyo, isiyo na sabuni ya kufumua protini. Mstari wa A- ulikuwa umetangulia wa kawaida kama upana wa punje ya mchele. Hicho ndicho kilichomo ndani ya damu yangu, na ya mama yangu aliyenipa.

---

Mwanafunzi_Maseno

Kaka, samahani kwa swali la mtoto wa mwaka wa pili. Kwa nini muhangaike kupika? Kwenye katalogi za vifaa G6PD inauzwa tayari, tena ni bei nafuu.

---

Bi_Pipeti

Mdogo wangu, soma lebo mpaka mwisho. Ile nafuu mara nyingi imetoka kwenye hamira au kwenye bakteria iitwayo Leuconostoc mesenteroides. Inafaa sana kupimia sukari. Tena ile ya Leuconostoc inakubali NAD na NADP zote mbili, ilhali ya binadamu inaitaka NADP. Ukitafuta dawa ya kuisaidia chembe ya mtu wa Ahero huwezi kuijaribu kwenye kimeng'enya cha hamira.

Na hata ukinunua cha binadamu utauziwa cha kawaida. Cha kwetu, chenye kasoro ya kwetu, lazima ukiagize kwa bei ya machozi au ukipike. Mimi nasimama na KitMikayi hapa. Kila maabara inayosema inashughulika na malaria katika ukanda huu wa ziwa ingepaswa kuwa na mrija wa A- kwenye friza.

---

Nesi_Nakuru

Wapendwa, mimi ni nesi, maabara naipitia nikipeleka sampuli tu. Lakini hii habari ya umri wa kimeng'enya imenifungulia jambo nililoliona wodini kwa miaka na kulikariri bila kulielewa.

Mgonjwa anakuja damu imeshapasuka, mkojo mweusi, himoglobini imeshuka. Tunapima G6PD, jibu linarudi kawaida. Tunaambiwa tusiamini, arudi baada ya miezi mitatu hivi apimwe tena. Anarudi, jibu linakuwa upungufu. Nilikuwa nadhani kipimo ni kibovu.

Kumbe chembe zee, zile ambazo kimeng'enya chake kimeisha, ndizo zilizopasuka. Zilizobaki kwenye damu ni vichanga vilivyotoka kwenye uboho juzi, bado vina kimeng'enya kipya. Tunapima vichanga halafu tunamwambia mtu yuko salama! Nawaomba wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, mgonjwa wa namna hiyo mwandikieni tarehe ya kurudi kwenye kitabu chake, msimwambie kwa mdomo tu. Nimeona mmoja aliyerudishwa nyumbani na jibu la "kawaida", akapewa dawa ile ile mwaka uliofuata.

---

KitMikayi_88

Sista, umelisema vizuri kuliko mimi. Na jambo hilo lina historia nzito.

Primakwini ilichunguzwa Marekani miaka ya 1950 kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois. Baadhi ya wafungwa weusi waliinywa na damu yao ikapasuka. Watafiti wakaendelea kuwapa dawa ile ile kila siku, na baada ya muda kupasuka kukapungua kwenyewe, himoglobini ikaanza kupanda huku dawa ikiendelea. Chembe zee zilikuwa zimekwisha, zimebaki changa. Mwaka 1956 Carson na wenzake wakaonyesha kwamba kinachopungua ni G6PD. Maarifa tunayoyatumia leo yalilipiwa na watu waliokuwa nyuma ya nondo, na siwezi kuandika juu ya kimeng'enya hiki bila kuwakumbuka.

Leo swali lile lile naweza kuliuliza kwenye mrija, kwa protini iliyotoka kwa bakteria, bila kumfanya mtu yeyote akojoe damu.

---

MwalimuBaiolojia_Luanda

Nafundisha sekondari hapa Luanda, Vihiga, na wanafunzi wangu watauliza hili kesho, kwa hiyo naliuliza leo. Kama kasoro hii ni hatari, mbona imebaki na kuenea?

---

Bi_Pipeti

Mwalimu, malaria. Upungufu wa G6PD umewapata watu zaidi ya milioni 400 duniani, na ukichora ramani yake unakuwa umechora kwa kiasi kikubwa ramani ya malaria ya zamani. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa watoto wa Gambia na Kenya ulioonyesha kwamba wenye A- walikuwa na hatari ndogo ya malaria kali, kwa kati ya asilimia 46 na 58. Tafiti za baadaye zimebishana sana kuhusu nani hasa anayepata kinga, wavulana au wasichana wenye nakala moja, na mabishano hayajaisha.

Waeleze pia kwamba jeni iko kwenye kromosomu X. Mvulana ana nakala moja tu, akirithi yenye kasoro kwa mama basi chembe zake zote zinayo. Msichana mwenye nakala mbili tofauti ana mchanganyiko, kwa sababu kila seli inazima X moja. Baadhi ya chembe zake ni nzima, baadhi dhaifu, na kipimo cha haraka kinaweza kumpita.

---

MamaKondele

Nimesoma yote, mengine sikuelewa, lakini ya naftalini nimeyaelewa. Nina mimba ya miezi saba na sanduku la nguo za mtoto liko chini ya kitanda na hivyo vitufe ndani. Nikizifua mara mbili na kuzianika zitafaa?

---

Nesi_Nakuru

Mama, leo hii toa vitufe hivyo nje ya nyumba kabisa. Nguo ziloweke kwa maji ya moto na sabuni, zifue, zianike juani na upepo siku kadhaa, kisha zinuse. Kukiwa na harufu hata kidogo mtoto mchanga asivae, wala asifunikwe blanketi la kutoka humo. Kama una namna ya kupata nyingine za kuanzia wiki za kwanza, heri utumie hizo. Na ukijifungua, mwambie nesi kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyewahi kugeuka macho ya njano au kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa. Mtoto akianza kuwa njano usingoje asubuhi.

---

Mwanafunzi_Maseno

Kaka, kwa hiyo matumizi ya huu mrija ni nini hasa? Kuna dawa inayoweza kurekebisha?

---

KitMikayi_88

Swali zuri, acha nilijibu polepole.

G6PD moja peke yake haifanyi kazi. Zinashikana mbili mbili, wakati mwingine nne nne. Na ndani ya kila moja kuna NADP ya pili ambayo hailiwi, imekaa kama msumari unaoshikilia jengo. Hilo lilionekana mwaka 2000, Margaret Adams na wenzake wa Oxford walipochapisha umbo la protini ya binadamu. Na waliyoipiga picha ilikuwa yenye kasoro, ile ya Canton iliyoenea Kusini mwa China, ambayo nafasi ya 459 ajinini imekuwa lusini. Angalia hapo: kimeng'enya chenye kasoro ndicho kilichotuonyesha jinsi kizima kinavyosimama.

Mwaka 2018 kundi la Stanford likachapisha molekuli ndogo waliyoiita AG1, waliyoipata kwa kuchuja maelfu ya kemikali juu ya kimeng'enya hicho hicho cha Canton. Inazisaidia protini mbili kushikana. Bado si dawa ya kumpa mtu. Lakini unaona njia ilivyo: ukiwa na kimeng'enya chenye kasoro kwenye mrija, unaweza kuuliza kemikali elfu, moja baada ya nyingine, hii inakushika? Hii je? Mimi nataka swali hilo liulizwe kwa A-, na liulizwe hapa.

Pia kuna kazi ya kawaida isiyo na sifa. Vipimo vinavyotumika zahanati vinahitaji sampuli ya kulinganishia, yenye upungufu unaojulikana. Tukiwa na A- inayodumu hatutalazimika kumtafuta mwenye upungufu kila mara tumtoe damu.

Na hapo nimekwama: inayodumu. Nimejaribu gliseroli. Inasaidia kiasi.

---

Bi_Pipeti

Umejibu swali lako mwenyewe kwenye aya ya pili, ndugu yangu. Ule msumari. Unaposafisha kwa nikeli na kubadilisha bafa, ule myeyusho wa kutunzia protini, mara mbili tatu unaiosha NADP, na A- ndiyo isiyoweza kuvumilia. Weka NADP kwenye kila bafa tangu unapopasua seli, mikromola 10 inatosha kuanzia, pamoja na DTT kidogo, ile kemikali ya kuzuia protini isioksidike, baada ya nikeli. Kabla ya nikeli usitie DTT, safu itageuka kahawia. Gawanya kwenye mirija midogo, gandisha mara moja, usiyeyushe mara mbili.

Kisha weka mirija mingine isiyo na NADP kando yake, uache zote kwenye joto la chumba. Safari hii usingoje stima ipotee.

---

KitMikayi_88 (siku tisa baadaye)

Nimerudi. Nilifanya kama dada alivyosema. Mirija minne juu ya benchi, nyuzi 27 kwa kipimajoto cha ukutani: ya kawaida na A-, kila moja yenye NADP na isiyo nayo. Nilipima saa moja jioni na saa moja asubuhi.

A- isiyo na NADP: karibu kimya, kama ile Jumatatu. A- yenye NADP: namba zikapanda! Hazikufika za ile ya kawaida, lakini ilikuwa zaidi ya nusu ya jioni yake. Nimerudia kwa protini ya chupa nyingine, jibu ni lile lile. Nilimpigia dada yangu simu saa moja na nusu asubuhi, akadhani kuna msiba.

Bado nina kazi ya kupima viwango tofauti vya NADP na kujua inadumu siku ngapi kwenye friza. Bi_Pipeti, nimekugawia mirija sita. Uliniambia unapita Kisian Alhamisi.

---

Bi_Pipeti

Nitashuka stendi ya Kisian saa mbili asubuhi na kibaridi chenye barafu. Andika kwenye kila kifuniko tarehe na kiwango cha NADP, kwa kalamu isiyofutika na maji.

---

MamaKondele

Sanduku limetoka nje. Nguo ziko kambani siku ya nne, na harufu bado ipo kwenye zile za sufu. Hizo nimeziweka kando.